Kikulacho ki nguoni mwako

Hapa Elgon View, mjini Eldoret, jirani anaweza kuugua hadi akapona bila wewe kupata habari. Ni mtaa wa nyua pana na kuta ndefu. Jua likitua malango hufungwa, mbwa hufunguliwa, na mlinzi hujikunyata kibandani akiota jiko la makaa. Lakini ziko nyumba mbili ambazo malango yake hayana haraka ya kufungwa. Wenyewe ni wazee wawili wa asili ya Kihindi, mmoja Kalasinga, mwenzake Mwislamu. Kila Jumapili jioni wao hunywa chai pamoja, leo kwa huyu, wiki ijayo kwa yule. Nami, kwa kuwa pua yangu huijua iliki hata ikiwa ng'ambo ya ukuta, hualikwa mara kwa mara.

Mnamo Mei 2025 chai hiyo ilikatika. Hapakuwa na deni wala ugomvi wa mpaka wa shamba. Tarehe 22 Aprili watu wenye bunduki walikuwa wamewaua watu 26 huko Pahalgam, Kashmir. India ikasema mkono wa Pakistan ulikuwa nyuma ya mauaji hayo, Pakistan ikakana. Tarehe 7 Mei India ikarusha makombora, Pakistan ikajibu, na hawakusimamisha mapigano hadi tarehe 10. Runinga ya mzee huyu ilitangaza hili, ya yule ikatangaza lile. Huyu akawalaani majasusi wa ISI wa Pakistan. Yule akawalaani majasusi wa RAW wa India. Wakanuniana wiki tatu nzima.

Msomaji mpendwa, katika wiki hizo tatu za ukame nilijiuliza: ni jambo gani hili linaloweza kutoka Kashmir likaja kufunga lango la Elgon View?

Turudi nyuma kidogo. Reli ya Uganda ilipojengwa kati ya 1896 na 1901, Waingereza walileta vibarua wapatao 32,000 kutoka Bara Hindi. Wengi walitoka Punjab, wakapandia meli Karachi. Baadhi yao walibaki, na wengine wakaja baadaye kufungua maduka na karakana, hadi huku Uasin Gishu ambako reli ilifika 1924. Wakati huo hapakuwa na nchi iitwayo Pakistan. Punjab ilikuwa moja, na lugha yake moja. Agosti 1947 Waingereza walipokuwa wakifunga virago, waliikata Punjab vipande viwili. Mamilioni ya watu walihama, Waislamu wakielekea huku, Wahindu na Makalasinga wakielekea kule, na mamia ya maelfu wakauawa njiani.

Hata shujaa wetu Makhan Singh, mwasisi wa vyama vya wafanyakazi nchini Kenya, aliguswa na kisu hicho. Alizaliwa 1913 katika kijiji cha Gharjakh, karibu na Gujranwala. Baada ya kukaa India miaka kadhaa alirejea Kenya Agosti 1947, mwezi ule ule ambao kijiji alikozaliwa kiliangukia upande wa Pakistan. Sisi tulimwita Muhindi tu, na yeye akajiita Mkenya, akawekwa kizuizini na wakoloni kuanzia 1950 hadi 1961 kwa kudai uhuru wetu.

Ndugu walipogawana nyumba, kila mmoja aliajiri mtu wa kuchungulia dirishani mwa mwenzake. ISI iliundwa 1948, vita vya kwanza vya Kashmir vikiwa bado vinawaka. RAW ilianzishwa 1968 chini ya R. N. Kao, baada ya India kupigana na China 1962 na Pakistan 1965 na kuona kwamba macho yake hayakuwa yakifika mbali. Mwaka wa 1971 RAW iliwasaidia wapiganaji waliotaka kujitenga na Pakistan, na Bangladesh ikazaliwa. Pakistan haijasahau. Tangu mwisho wa miaka ya 1980, ISI nayo imelaumiwa kwa kuwapa silaha na mafunzo wapiganaji wa Kashmir, ingawa serikali yake hukana. India haijasahau.

Waama, ujasusi huu haufanani na ule wa Wamarekani na Warusi. Mrusi aliyetaka kujifanya Mmarekani alilazimika kujifunza lugha, vyakula na hata namna ya kucheka. Lakini Mpunjabi wa Amritsar akivuka hadi Lahore, mwendo wa kilomita hamsini hivi, ana nini cha kujifunza? Lugha anayo, na nyimbo za harusi anazijua. Abadilishe jina na sala tu, na tayari ni mwenyeji. Undugu wenyewe ndio uliogeuzwa kuwa vazi la kazi. Wahenga waliponena kwamba kikulacho ki nguoni mwako, walikuwa kama wamewaona watu hawa.

Kisa kinachosimuliwa sana India ni cha Ravindra Kaushik, kijana wa mji wa Sri Ganganagar, Rajasthan, aliyependa kuigiza jukwaani. Kwa masimulizi ya jamaa zake, RAW ilimwona akiigiza, ikamfunza Kiurdu na mambo ya dini ya Kiislamu, kisha mnamo 1975, akiwa na umri wa miaka 23, ikamtuma Pakistan kwa jina la Nabi Ahmed Shakir. Alisoma huko, akapata kazi jeshini, akaoa na kupata mtoto. Mwaka wa 1983 jasusi mwingine aliyetumwa kukutana naye alikamatwa, akamtaja. Kaushik alifungwa hadi alipofia gerezani mwaka wa 2001.

Mwanamke aliyemwoa alilala kitanda kimoja na mtu ambaye hakulijua jina lake, na mtoto alipewa baba wa kuazima. Ng'ambo ya pili, mama mzazi alikuwa akipokea barua zilizopenyezwa kutoka gerezani, akiandikia serikali ambayo haikutaka kukiri hadharani kwamba mtu huyo ni wake. Huo ndio mkataba wa kazi hii: ukifaulu hutajwi, ukikamatwa hujulikani. Wakubwa hupata habari zao asubuhi pamoja na gazeti, na nyumba mbili hubaki na kilio.

Kisa cha pili kilifikishwa mbele ya majaji wa kwetu. Machi 2016 Pakistan ilimtia mbaroni Kulbhushan Jadhav, ikasema ni jasusi wa RAW aliyekamatwa Balochistan. India ilisema ni ofisa mstaafu wa jeshi la wanamaji, mfanyabiashara aliyetekwa nyara Iran. Aprili 2017 mahakama ya kijeshi ilimhukumu kifo. Desemba mwaka huo mama yake na mke wake waliruhusiwa kumwona mjini Islamabad, lakini kioo kilikuwa kati yao na walizungumza kwa simu. Mama aliyesafiri nchi nzima hakuweza kumgusa mwanawe bega.

India ilikwenda Mahakama ya Kimataifa ya Haki mjini The Hague. Tarehe 17 Julai 2019 aliyesoma uamuzi alikuwa rais wa mahakama hiyo, Abdulqawi Ahmed Yusuf, Msomali, na miongoni mwa majaji alikuwamo Julia Sebutinde wa Uganda. Kwa kura 15 dhidi ya moja, walisema Pakistan ilikosea kumnyima haki ya kuonana na maofisa wa ubalozi wa nchi yake, na kwamba hukumu yake ni lazima iangaliwe upya. Hawakuamuru aachiliwe. Mtu akishtakiwa kwa ujasusi, walituambia majaji hao, bado ni mtu.

Huenda utaniuliza, haya yanatuhusu nini sisi wa Eldoret? Yanatuhusu sana. Tarehe 1 Januari 2008 kanisa la Kiambaa, nje kidogo ya mji huu, lilichomwa moto likiwa na watu waliokimbilia humo, wengi wao wanawake na watoto. Siku zile tulijifunza kwamba mtu wa mbali hajui nyumba ya nani ni ipi. Anayejua ni jirani aliyekula harusini kwako. Ujuzi ule ule unaomwezesha kukuletea mboga ukiwa mgonjwa ndio unaoweza kumwelekeza adui mlangoni pako. Undugu ni kisu cha jikoni: hukata kitunguu, na hukata mkono.

Lakini kisu hicho kina mshikio pia. Mnamo 2015 mwana wa Asad Durrani, jenerali aliyewahi kuiongoza ISI, alikwama Mumbai kwa sababu ya kasoro ya viza. Fikiria: mtoto wa mkuu wa zamani wa majasusi wa Pakistan, peke yake, ndani ya India! Baba yake alimgeukia nani? Alimgeukia A. S. Dulat, aliyewahi kuiongoza RAW. Dulat akawapigia simu marafiki zake wa zamani kazini, na kijana akarudi kwao salama. Mwaka wa 2018 wazee hao wawili walitoa kitabu cha mazungumzo yao, na jeshi la Pakistan likamwita Durrani ajieleze. Watu waliotumia ujana wao kuviziana waligundua uzeeni kwamba anayemjua sana adui yake ndiye anayeweza kumwokoa mtoto wake.

Na wazee wangu? Usiku mmoja katika wiki ya tatu ya kununiana, mke wa yule Mwislamu alizidiwa na presha. Gari lao lilikataa kuwaka. Mlinzi hakungoja kutumwa. Alikimbia kugonga lango analolijua. Kalasinga akatoka bila kilemba, nywele zimefunikwa kwa shali ya mkewe, akaendesha hadi hospitali.

Jumapili iliyofuata chai ilirudi. Hakuna aliyeomba msamaha, wala hakuna aliyetaja Kashmir. Runinga ilikuwa imezimwa. Nilipoinuka kuaga, mwenye nyumba alimwambia mlinzi aache lango wazi kwanza, kwa sababu mgonjwa alikuwa bado hajaletewa supu yake kutoka ng'ambo.

Nawe msomaji, jirani yako unamjua kiasi gani, na ujuzi huo unauweka kwa kazi gani? Tukutane Jumapili ijayo, Mungu akipenda.