Kuagana na Mbwa wa Nyumbani

Juma hili twataka kusema juu ya jambo ambalo wengine watalicheka: namna ya kuagana na mbwa wa nyumbani, aliyezeeka au aliye karibu kufa. Mtu atasema, "Mbwa ni mbwa, akifa, atupwe." Lakini sisi tunaofundisha watoto tumeona ya kuwa mara nyingi kifo cha mbwa ndicho kifo cha kwanza ambacho mtoto anakitazama kwa macho yake mwenyewe. Yale watakayoyatenda wazazi siku ile, hatayasahau.

Tukumbuke kwanza tunaagana na nani. Mwaka 1914, huko Bonn-Oberkassel katika nchi ya Ujerumani, wachimba mawe walikuta kaburi la kale sana, lenye miaka ipatayo 14,000. Ndani yake mlikuwa na mwanamume, mwanamke, na mbwa mchanga. Wataalamu walioyachunguza meno ya mbwa yule waliona alama za ugonjwa mkali alioupata tangu udogo wake. Wakasema ya kuwa asingeweza kuishi majuma yale ya ugonjwa pasipo watu kumlisha na kumtunza. Hakuwa na kazi yoyote ya kuwafanyia. Walakini walimtunza, kisha wakamzika.

Katika Kongo yetu vilevile mbwa ni rafiki wa siku nyingi. Wawindaji wa msitu wa Ituri wana mbwa wadogo wasiobweka kama mbwa wengine. Kwa hiyo huwafunga kengele shingoni, wapate kujua walipo ndani ya kichaka. Nasi Wakristu twajua katika Kitabu cha Tobia ya kuwa kijana yule aliposhika njia pamoja na malaika Rafaeli, mbwa naye alifuatana nao.

Mbwa wa nyumba zetu hana sifa kubwa namna hiyo. Amelinda kuku, amebweka usiku mtu mbaya alipokaribia, amewasindikiza watoto hata njia panda ya shule. Miaka kumi au kumi na miwili ikipita, macho yake yanaingia ukungu, meno yanang'oka, miguu ya nyuma inalegea. Hapo ndipo tunapoona makosa mawili.

Kosa la kwanza ni la baba amtoaye mbwa usiku na kumwacha mbali, mahali asipojua njia ya kurudi. Asubuhi anawaambia watoto, "Amekwenda kijijini kwa babu yenu." Mwanafunzi mmoja wa darasa la tatu aliambiwa hivyo. Siku za likizo zilipofika akaenda kijijini, akatafuta nyuma ya kila nyumba, asimwone mbwa. Na babu hakujua habari yoyote. Tangu siku ile baba yake akisema neno, mtoto analipima kwanza. Tena bibi mzee anayeketi karibu na moto katika nyumba ileile, naye ameona jinsi anavyotendewa yule asiyeweza kazi tena. Hakusema kitu, lakini ameona.

Kosa la pili ni kumfanya mbwa kuwa mtu: kumfanyia matanga, na kutumia fedha nyingi kwa ajili yake, hali mtoto wa jirani anakosa dawa. Katekisimu ya Kanisa ya mwaka 1992 inayakataza mambo yote mawili. Inafundisha ya kuwa si haki kuwatesa wanyama wala kuwaua pasipo sababu. Tena si haki kuwapa upendo uwapasao watu peke yao.

Basi, tufanyeje? Mbwa mzee apewe chakula laini, maji karibu, na mahali pakavu pa kulala. Akiteseka pasipo tumaini la kupona, na daktari wa wanyama akiwa karibu, aitwe. Yeye anayo sindano ya kumpumzisha bila maumivu. Daktari akikosekana, mkubwa wa nyumba amtunze hata mwisho. Fimbo na sumu si njia ya kuagana; tena sumu iliyotupwa uani huua kuku, na yaweza kumwua mtoto.

Watoto waambiwe kweli: "Mbwa wetu atakufa." Msiwaambie amelala, kwa maana mtoto mdogo ataogopa kulala usiku. Mmoja amletee maji, mwingine amfukuzie nzi. Wakilia, waacheni walie, hata wavulana.

Lakini tuseme wazi: mbwa aliyebadilika tabia ghafula, anayeuma ovyo, anayetoka udenda na kushindwa kumeza, huyo asiagwe kwa kumshika. Pengine ana kichaa cha mbwa. Waondoeni watoto mara moja, mkaite watu wanaojua. Aliyeumwa na mbwa huyo aoshe jeraha kwa maji mengi na sabuni muda wa dakika 15, kisha aende hospitali siku ileile akapate chanjo, hata kama jeraha ni dogo. Dalili za ugonjwa huu zikishaonekana kwa mtu, karibu wote hufa. Kwa hiyo mbwa apewe chanjo mapema, angali mzima.

Akiisha kufa, asitupwe jalalani wala mtoni. Achimbiwe shimo la kufika kiunoni, mbali na kisima. Watoto waweke mawe juu, fisi na mbwa wengine wasifukue. Baba aseme maneno machache ya kumshukuru Mungu Mwumba kwa kiumbe huyu aliyewalinda, hayo yatosha. Mtoto akiuliza kama mbwa amekwenda mbinguni, msimcheke, wala msimwahidi msiyoyajua. Mwambieni, "Mungu aliyemwumba anamjua." Wala msilete mbwa mwingine kesho yake, kama mtu anunuavyo chungu kipya cha kwanza kikivunjika. Ngojeni mpaka watoto wenyewe waombe.

Pengine katika nyumba yenu leo yupo mbwa mzee amelala kivulini, asiyesikia tena mlango ukifunguliwa. Miaka yote ameitika mlipomwita. Sasa mwendeeni ninyi, mkamwekee maji karibu, na watoto wawaone.