Dereva naye ana kwake

MJI KASORO BAHARI
Na Zuhura Mkude

Katika nyumba za kupanga za Mwembesongo, hapa Morogoro, wapo wanawake ambao ukiwauliza mume yuko wapi, watakutajia kituo cha barabarani: amelala Makambako, yuko foleni Tunduma, jana kavuka Kasumbalesa. Waume zao ni madereva wa malori ya masafa marefu. Mwenye nyumba anamjua mke, watoto wanamjua baba kwa sauti ya simu, na sehemu kubwa ya mwaka makazi ya baba huyo ni kabini ya lori.

Nyuma ya viti kuna kitanda chembamba na pazia. Kwenye sanduku la pembeni ya tela kuna jiko, sufuria, unga, dagaa na dumu la maji. Dereva na utingo wake hupika kwenye kivuli cha gari, huoga kwa kulipia kwenye nyumba za wageni, na taulo hukaukia kwenye kioo cha pembeni. Foleni ikikwama mpakani, maisha hayo huendelea siku kadhaa gari halijasogea. Kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma ni zaidi ya kilomita 900, na kwa anayekwenda Lubumbashi safari bado mbichi.

Huku nyumbani ndoa inaendeshwa kwa simu. Kodi, mahitaji ya shule, homa ya mtoto usiku wa manane, msiba kijijini Matombo au Mgeta, yote mke huyabeba kwanza, kisha humweleza mwenzake mtandao ukipatikana. Matumizi huingia kwa simu hiyohiyo. Kwa madereva wengi posho ya safari ndiyo inayolisha familia kuliko mshahara wenyewe, kwa hiyo lori lisipopata mzigo, mume yupo nyumbani na jikoni hakuna kitu. Hapo ndipo penye mateso ya familia hizi: wanatamani kuonana, na papo hapo wanaomba gari lisisimame.

Linaloniuma zaidi ni kwamba lori linapita hapahapa. Barabara kuu ya Iringa, Mbeya na Zambia inakatiza Msamvu. Mume anaweza kuwa dakika chache tu kutoka kwake na asithubutu kuzima injini, maana gari limefungwa kifaa cha kulifuatilia. Likisimama kwa muda mrefu mahali ambapo halikupangiwa, simu ya ofisini inaita. Basi mke anapika, anapakua kwenye hotipoti, anambeba mtoto mgongoni na kupanda bodaboda hadi barabarani. Nimewaona watu hawa. Baba anashuka, anamnyanyua mwanawe, anapokea chakula, anauliza mawili matatu kwa kupaza sauti kwa sababu injini inanguruma. Kisha anapanda, anaondoka.

Siwalaumu wamiliki kwa kuweka ulinzi. Shehena inayobebwa ina thamani kubwa, mafuta huchotwa njiani, na abiria asiye kwenye karatasi huleta balaa ajali ikitokea. Lakini kifaa kinachoonyesha gari limesimama wapi kinaweza pia kuonyesha kwamba limesimama mahali palipokubaliwa, kwa saa zilizokubaliwa. Anayepanga ratiba ameshaweka muda wa mizani, wa mpaka na wa kushusha mzigo. Muda wa dereva kufika kwake hakuuweka.

Kuishi garini hakuko kwetu tu: Marekani wapo wenzi, wengine wakiwa wastaafu, walioacha nyumba zao wakahamia moja kwa moja kwenye gari lenye kitanda, jiko na choo. Mwandishi Jessica Bruder alieleza maisha ya Wamarekani wa aina hiyo katika kitabu chake Nomadland cha mwaka 2017, na wengi aliowafuata walisukumwa na ukata baada ya kushindwa gharama za nyumba. Maisha ya garini, kwa hiyo, si anasa hata huko. Hata hivyo mume na mke wanaoishi hivyo wanaamka pamoja, na anayemudu kulipia hupata kambi ya kuegesha, yenye maji, umeme na mahali pa kumwaga maji machafu. Hukohuko wapo wanandoa wenye leseni wote wawili, wanaoendesha lori moja kwa zamu. Dereva wetu anaishi garini kama wao, ila hana kambi, na mwenzake hayupo.

Sheria tunayo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi mapumziko ya angalau saa 24 mfululizo kila wiki, na inaruhusu, kwa makubaliano ya maandishi, yawe saa 60 mfululizo kila baada ya wiki mbili. Likizo ya mwaka ni siku 28, na baba aliyepata mtoto ana siku zake 3. Saa 60 ni nyingi kwa familia: baba atalala, ataamka, atampeleka mtoto kliniki, atakaa na mkewe wazungumze mambo yasiyozungumzika kwenye simu. Madereva walipogoma nchi nzima Aprili na Mei 2015, mikataba ya ajira ilikuwa miongoni mwa madai yao. Asiye na mkataba wa maandishi atazidai vipi hizo saa?

Huenda mtu akasema mke anamudu yote peke yake. Sisi Waluguru tunahesabu ukoo kwa mama, na ardhi ya ukoo hupitia kwake. Mwanamke kuwa nguzo ya mji si jambo la kutufundisha. Lakini hata bibi zetu wa milimani, wenye mashamba yao, hawakulea peke yao huku mume akiwa hai na mzima. Nguvu ya mke isigeuzwe sababu ya kumnyima mwenzake.

Namwomba kila mmoja atende lake. Vyama vya madereva viingie mezani kudai saa 60, zikiwa na malipo yatakayofanya mapumziko yasigeuke njaa. Manispaa ya Morogoro, mji wenye watu zaidi ya 470,000 kwa sensa ya 2022, itenge eneo lenye uzio, bafu, vyoo, maji na vyumba ambavyo dereva atalipia na kuipokea familia yake kwa heshima. Abiria wa treni ya SGR walipata stesheni nzuri mwaka 2024. Anayetubebea mafuta na mbolea naye anastahili pa kuoga.

Na wewe mmiliki wa malori, nakuomba uanze na swali moja: dereva wako anaishi mtaa gani, na mara ya mwisho alilala kwake lini? Kama huna jibu, ratiba yako ina upungufu. Kuurekebisha hakuhitaji gari jipya wala mkopo wa benki. Andika Mwembesongo kwenye safari yake, weka saa ya kufika na saa ya kuondoka, kisha mwache azime injini.