King'amuzi na Haki ya Mtazamaji

Usiku wa tarehe 31 Desemba 2012, mitambo ya analojia ilipozimwa Dar es Salaam, zaidi ya miaka miwili kabla ya muhula wa Juni 2015 uliowekwa na mapatano ya Geneva ya utangazaji wa dijitali, ilikoma ada ya mtu kupanda juu ya bati akazungusha antena iliyofungwa kwenye mwanzi, na mtoto dirishani akinadi, "Hapo hapo! Aa, umepita!" Zamani picha hafifu ilivumilika, japo yenye chenga, lakini ya dijitali ama hung'aa, ama hukatika vipande vipande ikaganda.

Sikatai faida ya dijitali, kwani masafa yaliyobeba stesheni moja sasa hubeba kadhaa. Lakini sebuleni kwangu vimebebana ving'amuzi viwili, kila kimoja na rimoti yake, kwa sababu cha kampuni hii hakifungui matangazo ya ile, ilhali antena ni hiyo hiyo moja. Naona ni dhuluma, na wenye mamlaka waamuru kila king'amuzi kipokee chaneli zote za bure, hata malipo ya mwezi yakiisha.