Mkuki wa Mtu Mzima Mkononi mwa Mtoto

Msimu wa UMISSETA ukaribiapo, viwanja vya shule kuanzia Kilwa Masoko hadi Lindi mjini hupata vijana wa kurusha mkuki na tufe. Shule yenye mkuki mmoja huwapa wote huo huo. Ukiwa wa gramu 800, huo ni uzito wa wanaume. Kanuni za kimataifa za riadha huwapa wavulana walio chini ya miaka 18 gramu 700, na wasichana 500.

Gramu 100 ni haba kwa asiyekijua kiwiko. Katika umri huo, upande wake wa ndani una gegedu ambalo halijageuka mfupa, na hapo ndipo kano zilipojishika. Kila mrusho huzivuta, na gegedu, kwa kuwa ni dhaifu kuliko kano, ndilo huachia kwanza. Marekani, ambako mpira wa besiboli haufiki hata gramu 150, mtoto wa miaka 11 au 12 hushauriwa asizidishe mirusho 85 kwa siku ya mechi.

Huku nani ahesabu? Mwalimu, kalamu na daftari anavyo. Fedha za jezi, ambazo hazikosekani sana, zingetangulia kununua mkuki mwepesi. Na kijana alalamikaye kiwiko apumzishwe, apelekwe hospitali, asikandwe maji ya moto na kurudishwa uwanjani jioni ile ile. Mvulana wa Kivinje ana nyavu za kuvuta na minazi ya kukwea kwa mkono huo huo.