Nakala za data ya umma hazitafaa iwapo ruhusa za kuingia zitasahaulika

SERIKALI ilipozindua huduma zaidi ya 5,000 kupitia eCitizen mnamo Juni 30, 2023, Wakenya wengi walitarajia foleni zipungue. Kabla ya mwezi kutimia, wadukuzi waliulemaza mtandao huo, na waliokuwa wakitafuta pasipoti wakakwama.

Tiba inayopendekezwa mara nyingi baada ya balaa kama hilo ni kuongeza nakala za data katika seva nyingine, ili moja ikizimika nyingine ichukue nafasi yake. Ushauri huo ni mwema, ila una pengo ambalo halizungumziwi vya kutosha.

Data inaponakiliwa, majina na nambari za vitambulisho husafiri kutoka seva kuu hadi seva ya akiba. Hata hivyo, katika mitambo mingi, orodha ya watumishi wenye ruhusa ya kuingia huhifadhiwa kwenye seva yenyewe, nje ya kile kinachonakiliwa. Asiyeihamisha orodha hiyo makusudi hubaki na nyumba mbili zilizofanana, lakini zenye funguo tofauti.

Madhara yake ni mawili. Kwanza, siku seva kuu itakapozimika, karani halali atafungiwa nje ilhali data yote ipo. Pili, na hili ndilo hatari zaidi, afisa aliyeachishwa kazi hufutwa kwenye seva kuu, huku nywila yake ikiendelea kufanya kazi kwenye seva ya akiba.

Mlango uliosahaulika hauhitaji kuvunjwa. Mnamo Aprili 2021, wahalifu waliingia katika mitambo ya Colonial Pipeline nchini Marekani kwa kutumia nywila ya akaunti ya zamani iliyokuwa haitumiki tena, ila haikuwa imefungwa. Bomba la mafuta lilisitishwa kwa siku kadhaa, na kampuni ikalipa fidia ya takriban dola milioni 4.4.

Hapa nchini, suala la nani aliingia katika seva, na kwa ruhusa gani, si geni. Mwaka wa 2017, Mahakama ya Juu iliagiza tume ya uchaguzi, IEBC, iruhusu seva zake zikaguliwe. Agizo hilo halikutekelezwa kikamilifu, na kasoro hiyo ikahesabiwa dhidi ya tume katika uamuzi wa kubatilisha uchaguzi wa urais.

Suluhisho si kununua mitambo zaidi. Kila idara yapasa kuwa na orodha moja ya watumiaji inayotegemewa na seva zote, ili jina likifutwa leo, lifutike kote leo. Kwa kuwa orodha hiyo ikikwama kila mtu hufungiwa nje, nayo inahitaji nakala yake, pamoja na nywila ya dharura isiyofunguliwa na mtu mmoja peke yake. Aidha, zoezi la kuhamia seva ya akiba lifanywe mara kwa mara na makarani wenyewe, si mafundi pekee.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inawataka wanaohifadhi habari za wananchi wazilinde ipasavyo. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huu utajengwa kwa fedha za mlipa ushuru.