Nishani Si Chuma Chakavu
BARIADI: Mkoani Simiyu pamba hupimwa kwa kilo, na chuma chakavu vivyo hivyo. Kosa ni kutia kwenye mizani hiyo nishani ya babu aliyepigana Burma na King's African Rifles mwaka 1944. Kwa uzito haina bei. Tena nishani nyingi za Uingereza za vita vile hazikuchongwa jina la askari. Thamani imo katika karatasi zake za jeshi na picha. Wakusanyaji hulipia ushahidi, kama wafanyavyo kwa beji za Poland, ambayo wakimbizi wake wapatao 5,000 waliishi Tengeru, Arusha, kuanzia 1942. Mwenye nayo asiisugue, wala asiiuze kwa shida ya msimu mmoja. Pamba huota tena mwakani, nishani haioti.