Simu na Kompyuta Shuleni: Wanafunzi Nao Waulizwe

Katika nyumba nyingi za Kirumba, Igoma na Buhongwa, jijini Mwanza, jambo moja hutokea jioni. Mwanafunzi wa sekondari humwomba mama yake simu. Mama huuliza ni ya nini, na jibu huwa ni ya kusomea. Mama huitoa kwa shingo upande, naye mwanafunzi huketi karibu na taa, akatafuta mitihani ya miaka iliyopita au maana ya neno la Kiingereza lililomshinda darasani. Asubuhi mwanafunzi huyo huyo huingia katika shule ambayo kanuni zake zinamkataza kabisa kuwa na simu.

Kati ya jioni na asubuhi hiyo pana swali. Watu wazima wamelijadili sana wao kwa wao, lakini ni mara chache wamemwuliza mwenyewe: je, anataka vyombo hivi vimsaidie nini katika masomo yake? Swali hilo lina jibu, na jibu lenyewe si kufungua milango yote wala kuifunga yote. Shule haina budi kuwa na vyombo vyake yenyewe, kuvitumia kwa vikundi chini ya mwalimu, na kuwapa wanafunzi sauti katika kupanga matumizi hayo.

Katazo na sababu zake

Yafaa kukiri kwanza kwamba katazo la simu halikutungwa kwa chuki. Taarifa ya UNESCO ya mwaka 2023 kuhusu teknolojia katika elimu ilieleza kwamba mwanafunzi aliyevutwa na simu aweza kuchukua hata dakika 20 kabla ya kuyarudisha mawazo yake yote katika somo. Taarifa hiyo ilionyesha pia kwamba karibu nchi moja katika kila nne duniani ilikuwa imepiga marufuku simu janja shuleni. Mwalimu mwenye darasa kubwa hahitaji kusomewa taarifa ili ayajue hayo. Anajua pia habari za wizi bwenini, za picha zisizofaa, na za mtoto wa mwenye nacho kumringia mtoto wa asiye nacho.

Lakini katazo hujibu nusu tu ya swali. Husema kipi kisiingie darasani, bila kusema kipi kiingie. Mwanafunzi hubaki na haja yake ile ile, akaitimizia gizani, bila mwongozo, kwa simu ya kuazima.

Haja za wanafunzi

Anayetazama jinsi wanafunzi wanavyotumia simu hizo za kuazima ataona kwamba, mbali na michezo na soga, zipo haja nne za kweli.

Ya kwanza ni lugha. Wanafunzi walio wengi husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha katika kidato cha kwanza hukutana na fizikia, kemia na biolojia kwa Kiingereza. Aliyekwisha kufahamu jinsi mmea unavyojitengenezea chakula hulikuta somo lile lile likiwa na jina geni, akadhani ni jambo jipya. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa Kamusi ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, lakini si kila shule yenye nakala yake. Kamusi iliyo ndani ya simu au kompyuta humjibu mwanafunzi papo hapo, bila kumwaibisha mbele ya wenzake.

Ya pili ni kurudia somo. Mwalimu hueleza mara moja, pengine mbili, na kipindi huisha. Somo lililorekodiwa laweza kusikilizwa mara kumi.

Ya tatu ni kujipima. Baraza la Mitihani la Taifa hutoa taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, ambazo huonyesha walikosea wapi na kwa nini. Taarifa hizo zapatikana mtandaoni bila malipo. Mwanafunzi anayesoma makosa ya waliomtangulia hujifunza zaidi kuliko anayekariri majibu.

Ya nne ni kuona na kutenda. Pasipo na ammita na betri za kutosha, mzunguko wa umeme hubaki mchoro ubaoni. Mradi wa PhET wa Chuo Kikuu cha Colorado nchini Marekani, ulioanzishwa mwaka 2002 na mwanafizikia Carl Wieman, umetengeneza majaribio ya kuigiza ambayo mwanafunzi huunganisha waya, taa na betri katika kioo cha kompyuta, akaona mkondo ukiongezeka na kupungua. Majaribio hayo hayachukui nafasi ya maabara, lakini ni afadhali kuliko mchoro peke yake.

Wanafunzi wa Mwanza, isitoshe, wanayo maabara ambayo hakuna mtu awezaye kuwanunulia, nayo ni Ziwa Victoria lenyewe. Kati ya mwaka 1961 na 1964 maji yake yalipanda kwa zaidi ya meta 2. Mwaka 2020 na 2024 yalipanda tena hata kufurika katika sehemu nyingi za ufuko. Shule iliyo kando ya ziwa yaweza kusimika nguzo yenye vipimo, wanafunzi wakasoma kina kila juma, wakakiandika katika kompyuta na kuchora grafu yake. Waweza pia kulinganisha gugumaji wanaloliona ghubani na picha za setilaiti za Landsat, ambazo zimepigwa tangu mwaka 1972 na hutolewa bure. Hapo kompyuta huacha kuwa dirisha la kutazamia mambo ya wengine, ikawa chombo cha kuyachunguza ya kwao.

Funzo la 1973 na 1974

Tanzania imewahi kupita katika njia panda ya namna hii. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza nchini kompyuta na televisheni. Uamuzi huo ulikuwa na sababu zake: mashine zilizonunuliwa kwa ajili ya hesabu za Hazina zilikuwa zimeleta hasara, na fedha za kigeni zilikuwa adimu. Televisheni haikuanza Tanzania Bara hadi mwaka 1994. Katazo hilo lilizuia hasara, lakini halikumfundisha kijana yeyote namna ya kuitawala kompyuta.

Mwaka mmoja kabla yake, yaani 1973, nchi hiyo hiyo ilikuwa imeonyesha njia nyingine. Katika kampeni ya Mtu ni Afya watu wapatao milioni 2 walikusanyika kwa vikundi, kwa muda wa majuma 12, kuisikiliza redio. Redio nayo ilikuwa chombo cha starehe, lakini haikuachwa iseme peke yake. Kila kikundi kilikuwa na kitabu na kiongozi aliyefundishwa kazi yake. Baada ya kipindi watu walijadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka nyasi. Chombo kilikuwa kimoja, wasikilizaji wengi, na mwisho wake ulikuwa tendo. Utaratibu huo haujapitwa na wakati.

Yanayowezekana sasa

Wengi hudhani kwamba kompyuta shuleni haina faida pasipo intaneti. Si kweli. Programu iitwayo Kiwix huibana ensaiklopidia ya Wikipedia nzima katika faili moja liwezalo kukaa katika kadi ndogo ya kumbukumbu. Kadi hiyo ikitiwa katika kompyuta ndogo kama Raspberry Pi, ambayo ukubwa wake ni kama kadi ya benki na umeme wake haupiti sana ule wa taa moja ya kisasa, kompyuta hiyo hurusha mawimbi ya redio darasani. Vyombo vingine vilivyo karibu huyapokea na kuisoma ensaiklopidia bila kulipia hata senti moja ya intaneti. Majaribio ya PhET nayo hupakuliwa mara moja, yakatumika siku zote.

Vitabu navyo havikosekani, kwa kuwa Taasisi ya Elimu Tanzania ina Maktaba Mtandao ya vitabu vya kiada. Hata vyombo vimeanza kufika, maana vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya mwaka 2022 viligawiwa kwa walimu baada ya kazi hiyo. Kinachopungua ni utaratibu: saa maalumu katika ratiba, mwalimu wa zamu, na kamati yenye wanafunzi ndani yake, wavulana kwa wasichana, inayosema ni somo gani lina haja kubwa zaidi.

Jambo hili ni la haki pia. Shule zilipofungwa kwa sababu ya UVIKO-19, kuanzia Machi hadi Juni 2020, masomo yalitolewa kwa redio, televisheni na mtandao. Mtoto mwenye vyombo hivyo nyumbani aliendelea. Asiye navyo alingoja. Mtoto wa mvuvi kisiwani Kome au Ukerewe hawezi kuachiwa bahati ya simu ya mzazi. Wala asiambiwe kwamba visiwani hakuna umeme: katika kijiji cha Bwisya, kisiwani Ukara, umeme wa jua ulianza kutumika mwaka 2016. Vyombo vikiwa mali ya shule, mtoto huyo husimama sawa na mtoto wa Capri Point.

Wapo watakaosema kwamba siku hizi zipo programu za akili mnemba zinazomwandikia mwanafunzi insha nzima, hivyo mlango ukifunguliwa kidogo uvivu utaingia. Hofu hiyo ina msingi. Lakini programu hizo tayari zimo katika simu zile za kuazima. Mahali pazuri pa kumwonyesha kijana kwamba mashine hukosea, na kwamba jibu lake sharti lipimwe kwa kitabu na kwa jaribio, ni mbele ya mwalimu.

Mwaka 2023, sambamba na taarifa yake kuu, UNESCO ilitoa taarifa ya vijana iliyokusanya maoni ya vijana na wanafunzi zaidi ya 1,500 wa sehemu mbalimbali za dunia. Kazi hiyo haihitaji kungoja wageni. Mwalimu yeyote wa Sengerema, Magu au Misungwi aweza kuwapa wanafunzi wake karatasi, wakaandika bila kutaja majina: nini wanakitafuta katika simu, nini hawakielewi darasani, na nini wangependa shule iwe nacho. Majibu hayo yakisomwa katika kikao cha walimu na wazazi, mjadala wa simu shuleni utakuwa umeanza mahali pake.